Homa ya Waya

Juzi fundi aligusa waya ukutani kwangu kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa, nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu, Kalemie.

Papa alikuwa amenunua frigo kubwa ya kugandisha samaki. Fundi wa umeme wa mtaani alimfungia kofre mpya, sanduku la fyuzi, lakini waya wa zamani ulibaki, na nyumba ikaanza kunuka plastiki inayoungua.

"Papa, hii waya iko mwembamba," fundi alisema. "Frigo inaielemea. Tuzime kwanza, tuweke ya munene."

Papa alikataa kuzima, samaki wasioze. Wakatoka uani wakibishana.

Niliugusa waya. Ulikuwa wa moto kama paji la uso la mdogo wangu alipougua malaria, na yeye Mama alimpoza kwa kitambaa cha maji. Nikachovya kitambaa kilekile kwenye beseni.

Mama alinikuta nimenyoosha mkono wenye kitambaa kuelekea waya. Alinipiga kofi, kitambaa kikaanguka, kisha akanikumbatia huku akitetemeka mwili mzima. Sikuelewa kitu. Nilimgusa paji la uso, nikidhani homa ya waya imehamia kwake.