Sauti ya Nne

Padre Hubati alikuwa mpigaji wa watu. Tusimpambe kwa sababu tu alivaa kanzu. Alitoka Uholanzi mwaka hamsini na tisa, kijana mwembamba mwenye masanduku mawili, moja la nguo na jingine la nota, akapangiwa Misheni ya Mkumbulu, juu kabisa Uluguru, ambako ukungu huingia kanisani bila kubisha hodi. Mwaka wa pili alikwisha kujua Kiswahili. Mwaka wa tatu akaanza kutunga nyimbo, akizichapa mwenyewe kwa stensili mpaka kucha zikawa nyeusi. Mwaka wa nne akaanza kupiga watu. Ukiimba nje ya sauti, fimbo yake ya kuongozea kwaya ilikufuata hapo hapo ulipo. Wanaume wenye wajukuu walichapwa vidole mbele ya watoto wao, wakarudi kwenye mstari, wakaimba upya, maana wimbo ulipokaa sawa utamu wake uliwatoa machozi hata hao waliochapwa.

Sikio lake lilikuwa balaa. Mtu akikohoa nyuma ya kanisa, Padre alimtaja jina bila kugeuka. Mwanakwaya mpya hakuulizwa chochote, aliambiwa atoe sauti, “Aaa!”, kisha akapangwa: ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, na aliyepangwa amepangwa. Padre hakuwahi kukiri kwamba amekosea, na kusema kweli alikuwa hajawahi kukosea.

Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu akaachiwa kufanya biashara yake. Malori ya watu binafsi yakapanda mlima kufuata kabichi na karoti, mitumba ikafurika, na kitu chochote ulichokuwa nacho kikapata mnunuzi Morogoro mjini. Huko huko mjini viwanda vikaanza kufungwa, na waliopunguzwa kazi wakarudi milimani mikono mitupu. Mmoja wao alikuwa Anselmi. Alikuwa na sauti ya tatu nyembamba, safi, ya kusimamisha nywele, na Padre alimpenda waziwazi; katika kwaya nzima ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kuonja fimbo. Wanakijiji nao wakamfanya kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, kwa sababu wizi ulikuwa umezidi na yeye alijua kuamrisha.

Mwaka tisini na moja dada zake Padre wakamtumia kinanda cha umeme, cha kutumia betri ya gari. Jumamosi moja ya Kwaresima, saa kumi alasiri, Padre alikuwa sakristia, chumba cha nyuma ya altare, amepiga magoti akifunga nyaya za betri. Gongo la kufungia mlango likamtua upande wa kulia wa kichwa. Alianguka, sikio la kushoto likabanwa kwenye sementi, damu ikamjaa machoni. Akajaribu kuinuka.

“Lala chini!” sauti ikasema juu yake, na teke likamvunja mbavu mbili.

Alipopata fahamu vizuri kinanda hakikuwepo.

Jumatatu sungusungu walikamata watu watatu: utingo wa lori la kabichi, mlevi mmoja wa pombe ya kangara, na Gervas. Huyu Gervas alikuwa mkulima, mtu mzito wa maneno, na alikuwa ameimba sauti ya nne kwa miaka kumi na mmoja. Krismasi iliyotangulia alichelewa noti moja tu, Padre akamchapa mdomoni mpaka ukapasuka. Gervas akaidaka fimbo, akaivunja vipande viwili mbele ya waumini wote, akafukuzwa kwaya. Kwa hiyo kila mtu alisema ana kinyongo, na kinyongo siku hizo kilitosha kuwa ushahidi.

Anselmi alimfuata Padre nyumbani.

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina.”

“Padre, huyo mwizi ulimsikia akisema?”

“Nilimsikia. Sauti ya nne. Ya chini kabisa.”

“Ukiisikia tena utaijua?”

“Unaniuliza mimi?” Padre akang’aka.

Basi wakakubaliana. Padre, kichwa kimefungwa bendeji, akaketi ndani ya kanisa karibu na dirisha akiupa ua mgongo ili asiwaone watu, isije ikasemwa amependelea. Wale watatu wakalazwa uani kifudifudi, mikono imefungwa kwa kamba za katani, na nusu ya kijiji ikawazunguka na fimbo na mipini ya majembe. Walikuwa wapigwe mmoja mmoja mpaka walie, na Padre aseme. Alijua kinachofanyika, nani asiyejua? Lakini alifumba macho kama alivyozoea anapopokea wanakwaya wapya.

Utingo alilia kwa fimbo ya kwanza.

“Huyu hapana,” Padre akasema dirishani.

Mlevi alilia kwa ya tatu, sauti kavu isiyo na pumzi. “Hapana.”

Gervas alikataa kulia. Fimbo ya tano, ya sita, ya saba. Shati likachanika, ngozi ikafuata. Mkewe, Prisca, akapiga kelele, akasukumwa matopeni. Fimbo ya kumi na mbili ndiyo iliyomtoa sauti, nzito, kutoka tumboni.

“Ndiye,” Padre akasema.

Neno hilo moja lilitosha. Watu walimwangukia Gervas kwa miguu na mipini. Padre alisikia mfupa wa mguu ukivunjika, mlio mfupi mkavu. Kila alipotaka kutulia alikuwa na desturi ya kutoa mfukoni chuma chake cha kutolea sauti, kile chenye ncha mbili kama uma, akakigonga na kukisikiliza. Akakigonga kwenye benchi, akakipeleka sikio la kushoto. Noti ya La, ile ile ya siku zote. Akakihamishia sikio la kulia, lile lililopigwa gongo.

Ilikuwa noti nyingine. Ya chini, ya chini sana.

Akagonga tena, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia. Sikio la kulia lilikuwa limeharibika. Lilishusha kila kitu. Na siku ile, sakafuni, la kushoto lilikuwa limezibwa na sementi. Alimsikia mwizi kwa sikio bovu peke yake. Ile haikuwa sauti ya nne hata kidogo.

Akatoka mbio, mbavu zikimchoma. “Siyo yeye! Acheni! Siyo yeye!”

Nani angemsikia? Uani palikuwa na makelele kama ya sokoni, na mtu mmoja alikwisha kufika na galoni la mafuta ya taa. Padre akapenya kati ya miguu ya watu, akajitupa juu ya Gervas mzima mzima. Mpini ukamshukia yeye, ukampasua juu ya sikio la kushoto. Ndipo walipoona wanampiga nani, wakarudi nyuma.

Akainuka kwa magoti, kiganja kimekandamiza lile sikio la kushoto, damu ikipita kati ya vidole.

“Kama siyo yeye, Padre,” Anselmi akauliza akihema, “ni nani?”

Sikio la kushoto lilikuwa limezibwa na kiganja. La kulia likamletea maneno hayo yakiwa mazito, yameshuka, na Padre akaitambua sauti. Ilikuwa ile ya sakristia, yenyewe kabisa. Akamtazama Anselmi, na Anselmi akajua kwamba amejulikana. Watu walikuwa wamesimama na fimbo juu, wanasubiri jina tu.

“Sijui,” Padre akasema. “Sikio langu limekufa. Nimekosea mimi.”

Kwa miaka thelathini na miwili Mkumbulu haikuwahi kusikia maneno hayo. Watu wakatazamana, wakaona aibu, wakaanza kutawanyika mmoja mmoja. Kesho yake Anselmi alishuka na lori la kabichi, na hakuonekana tena milimani. Kinanda nacho hakikuonekana.

Gervas alibebwa kwa machela mpaka barabarani, akapelekwa hospitali mjini, na mguu ukakatwa juu ya goti. Padre alikwenda kumwona siku ya nne. Prisca alipomwona anaingia wodini alitoka nje bila kumwamkia. Padre akaketi kitandani, akamweleza Gervas yote: chuma, sikio, sementi, kiganja. Hakuficha kitu, isipokuwa jina.

“Kwa hiyo ulimjua pale pale,” Gervas akasema.

“Pale pale.”

“Ukanyamaza.”

“Wangemuua, Gervas. Uliwaona mwenyewe. Ningetaja jina, wangemuua.”

Gervas akatazama shuka, pale lilipolala bapa mahali pa mguu wake. Kisha akamgeukia Padre, na sauti yake ilikuwa ya upole, kama mtu anayetaka kweli kuelewa.

“Sasa mimi, Padre, mbona ulinitaja?”