Orodha ya Niliowagusa

Kabla sijapandishwa cheo kuwa mshukiwa, nilikuwa mama lishe tu pale Nyakanazi, njia panda, ambapo madereva wa malori wanakula wali maharage huku wakilalamika kwamba nyama ni ndogo. Nimewalisha watu wa kila mpaka, na hakuna aliyewahi kujali nimemgusa nani. Siku niliyotokwa na vipele, loo, nikawa mtu muhimu.

Ilikuwa hivi. Jumapili nilikwenda Nyantakara kumwona binti yangu, mwanangu wa pekee. Huyu alilelewa Ngara na mama yangu, huku mimi nikihangaika na masufuria Nyakanazi ili asome, na alipokua akaolewa na Wasukuma wenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, zimebaki siku chache, na mgongo unamsumbua. Nikamkanda kwa maji moto, nikamsuka nywele, nikamtania kile kishimo cha kovu alicho nacho juu ya nyusi. "Hiyo ndiyo faida ya ukaidi," nikamwambia. "Ulikuwa unakimbia kwenye maharage ya bibi yako mpaka kijiti kikakuchoma." Akacheka tu. Tukakubaliana uchungu ukianza anaita, nakwenda. Mjukuu huyo nilishaapa nitamwogesha mimi, siyo mtu mwingine.

Jumatatu nikapata homa. Jumanne vipele shingoni, Ijumaa vimeshuka mpaka tumboni. Nikaenda kituo cha afya kuomba dawa ya kupaka, nirudi haraka niinjike maharage.

Nesi alikuwa binti wa umri wa mwanangu. "Shikamoo mama," akasema akiwa mlangoni, na mlangoni hapohapo akabaki. Akavaa barakoa, akavaa glovu, akaitazama karatasi iliyobandikwa ukutani. "Mama, una vipele?" Mimi nimejaa vipele mpaka masikioni, ananiuliza kama nina vipele! Nikamjibu ninavyo, asante kwa kuuliza. "Homa? Kichwa? Maumivu ya mgongo? Uchovu?" Nikamwambia kama mgongo na uchovu ndio ushahidi, basi waende Nyakahura siku ya mnada wawabebe wanawake wote. Hakucheka. "Umekaa karibu na watu waliotoka kwenye maeneo yenye ugonjwa?" Jamani, Nyakanazi! Pale hata kuku amekaa karibu na mtu aliyetoka Kongo.

"Basi mama, kwa maelezo haya, wewe ni mshukiwa wa Mpox."

Nikamwambia washukiwa ninaowajua mimi ni wezi wa ng'ombe. Akanieleza kwa upole, ule upole wa semina, kwamba ugonjwa huu una ngazi zake. Mwenye vipele na dalili kama zangu ni mshukiwa. Akiwa amegusana na mgonjwa anayejulikana na kipimo chake kisipatikane, ni mgonjwa wa kudhaniwa. Maabara ikimkuta na kirusi, amethibitishwa. Ikimkosa, ameondolewa. Mimi niliyeishia darasa la saba, cheo cha kwanza nilikipata bila hata usaili.

"Na wewe mwenyewe unaona nini?" nikamuuliza.

Akainama, akaniangalia shingo, akanigeuza viganja. "Vingine vichanga, vingine vimeanza kukauka, na viganjani huna. Macho yangu yanaona tetekuwanga, mama. Lakini macho yangu siyo maabara."

"Tetekuwanga si ya watoto?"

"Mtu mzima anaipata pia, kama hakuipata utotoni."

Haya. Akasugua kipele kwa kijiti cha pamba, akakitia kwenye kichupa, kichupa kikaingia kwenye boksi la barafu, boksi likapanda gari. Liliondoka na dereva na msindikizaji. Mimi mwenye kipele nilisindikizwa na ufagio alionielekezea mfagizi kwa mbali, hadi chumba cha nyuma, kitanda kimoja, dirisha moja, na ndoo.

Ikaja orodha. "Siku ishirini na moja zilizopita umemgusa nani?" Nikamtajia dereva wa kofia nyekundu, dereva asiyelipa mpaka agombezwe, jirani yangu anayechoma mahindi, muuza unga, na kwaya nzima ya kigango. Akaandika yote, maskini, mpaka kofia nyekundu. "Wengine?"

"Hakuna."

Nilidanganya. Nilijua gari la afya likisimama kwenye boma la wakwe zangu, kijiji kizima kitakuwa na majibu kabla boksi halijafika maabara. Watasema mwanamke huyu ametuletea balaa la kwao, na binti yangu atarudishwa na tumbo lake. Bora kunyamaza, nikajiambia, mambo yatapoa yenyewe. Akili nyingi nilizo nazo, naweza kugawa na zikabaki.

Nikakaa na akili zangu siku mbili. Siku ya tatu wajawazito walikuja kliniki, nesi akawa anawaelimisha nje, karibu na dirisha langu. Nikamsikia vizuri sana: "Mpox ikimpata mjamzito, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akafia tumboni." Mikono yangu ilikuwa imemkanda mgongo ule. Nikapiga mlango kwa viganja mpaka akaja mbio.

"Kuna mmoja nimemsahau, niandikie. Yuko Nyantakara, ni mjamzito. Ni mwanangu."

Akanitazama juu ya barakoa. "Mama, umemsahau mwanao?"

"Andika!" nikafoka. Nilikuwa nalia, na makamasi ya mshukiwa hayafutwi na mtu.

Kesho yake mhudumu wa afya wa kijiji akaanza kwenda kila asubuhi kumpima joto. Jioni mama mkwe wa binti yangu akanipigia simu. Nikajiandaa kutukanwa, na majibu yangu nilishayapanga, mengine makali sana. "Mkwe," akasema, "tumepata mgeni wa kupima joto." "Mtoto wetu nimempa chumba changu. Chakula nampelekea mimi mwenyewe. Wewe pona." Akakata simu. Majibu yangu makali nikabaki nayo mdomoni, nikaona aibu.

Siku ya nane nesi aliingia bila barakoa. "Hongera mama! Majibu ni hasi. Umeondolewa. Ni ileile tetekuwanga niliyokwambia, na vipele vimeshakauka vyote, unaweza kwenda." Akapiga mstari kwenye jina langu. Kisha akapiga mstari wa pili.

"Huyo wa pili nani?"

"Binti yako. Na yeye ameondolewa. Aliyegusana na mtu asiye mgonjwa hatumfuatilii."

"Asiye mgonjwa ni nani? Mimi hapa nina magamba mpaka kwenye kope!"

"Mgonjwa wa Mpox, mama."

Kumbe unaweza kuugua wiki nzima na usiwe mgonjwa. Karatasi tamu hiyo. "Haya," nikasema, "na hiyo tetekuwanga yako, yenyewe inawapenda wajawazito?"

Kalamu ikasimama. Akavuta kiti, akakaa karibu nami kwa mara ya kwanza. "Haiwapendi. Ikimpata mama siku za kujifungua, mtoto mchanga anaweza kuumia vibaya. Lakini kama aliwahi kuiugua utotoni, mwili wake unaijua, hatuna wasiwasi. Aliwahi?"

"Hajawahi. Angeugua ningejua."

"Una uhakika?"

"Wee binti, unanifundisha habari za mwanangu? Mimi ndiye niliyemzaa!"

"Mpigie, mama," akasema taratibu.

Nikapiga, nikaweka spika nesi asikie. "Mwanangu, ulishawahi kuugua tetekuwanga?"

"Ndiyo, mama. Nikiwa darasa la pili. Bibi alinifunga vitambaa mikononi nisijikune."

Nesi akashusha pumzi, akafunika uso kwa mikono yote miwili na kucheka. Mimi nikapiga kigelegele. "Mungu wangu! Sasa mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa Nyakanazi, mama." Alisema bila lawama yoyote, kama anataja siku ya mnada. "Kipele kimoja nilikikuna bibi akiwa shambani. Si ndicho kile kishimo cha juu ya nyusi?"

Nikamwambia ndicho. Nikamwambia nakuja kesho, akasema maji ya kuogeshea yananisubiri.

Nesi alikuwa ameshafungua daftari lake. "Naandika aliwahi kuugua utotoni. Na hapa kwenye mtoa taarifa, nikuandike wewe, mama mzazi?"

"Mwandike mwenyewe," nikasema. "Mimi sikuwepo."