Laptop ya Mwalimu na Doki Lake

Mdogo wangu alirudi nyumbani Gitting Ijumaa na daftari lililojaa hesabu za mifugo. Jumatatu alitakiwa kukabidhi chuoni ripoti ya mafunzo kwa vitendo, ikiwa imechapwa kwa kompyuta. Akichelewa angerudia mwaka. Mimi niliishia darasa la saba, mwaka tuliowazika wazazi, na tangu hapo shule yake ndiyo shule yangu.

Laptop tulikuwa nayo. Nilipewa na mwalimu mstaafu wa Masakta, nzee na nzito, pamoja na doki lake, yaani kibao cheusi ambacho laptop hukaa juu yake ikapata umeme.

"Usivitenganishe hivi viwili," mwalimu alinionya. "Tundu la chaji la laptop limekufa."

Ijumaa hiyo laptop ilikataa kuwaka, ikaganda kwenye nembo. Fundi wa Katesh akasema kwa simu kwamba dawa ni kupiga windo upya, kufuta mfumo wote na kuweka mwingine. Akatuma flash yenye mfumo huo kwa bodaboda.

Jumamosi asubuhi tukaichomeka flash kwenye doki. Laptop ikaanza vizuri, ikauliza lugha, ikauliza saa, kisha ikaandika kwamba haioni flash. Tukarudia. Mara ya nne ikakwama pale pale. Nilipuliza vumbi, nikabadilisha tundu, nikaikandamiza ikae sawa.

"Dada, itoe kwenye doki. Kuna tundu zima nyuma ya laptop, doki limelifunika."

"Mwalimu alisema visitenganishwe."

"Mwalimu alifundisha historia."

"Na wewe unasomea ng'ombe."

Nilikuwa mkaidi, nakubali. Kwetu ukikabidhiwa ng'ombe wa mtu umtunzie, humtengi na ndama wake, wala huvunji neno la mwenye mali. Ile laptop sikuwahi kuiona kuwa yangu kabisa. Tukabishana mpaka saa za kukamua.

Zizini ndama akanyonya kidogo, maziwa yakashuka. Nikamvuta, nikamfunga karibu na mama yake, nikakamua. Nimefanya hivyo tangu utoto. Ndoo ilipofika nusu ndipo nilipojiona: kila jioni ninawatenga, na hakuna aliyewahi kunilaumu.

Nilirudi ndani. "Betri inadumu kiasi gani?"

"Dakika ishirini. Labda."

"Basi iache hapo inyonye mpaka ijae. Halafu tutaivuta."

Alinitazama, akacheka mpaka akakaa chini.

Ilipojaa tukaitoa, flash tukaichomeka nyuma. Ikapita pale ilipokuwa ikikwama. Asilimia za kazi zilipanda huku za betri zikishuka. Betri ilikuwa imebaki na tisa pale kazi ilipofika mia, na laptop ikajizima ili iwake upya. Tukachomoa flash, tukairudisha laptop haraka kwenye doki. Ikawaka, ikatuuliza jina la mwenye mashine. Nilimwambia aandike lake.

Jumapili nilikwenda kanisani peke yangu. Niliporudi alikuwa ukurasa wa kumi na moja. Hakuinua kichwa wala hakunisalimia, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanyiki. Sikumdai.

Jumatatu alfajiri, begi mgongoni na ripoti ndani ya flash ile ile, alisimama mlangoni.

"Shikamoo dada. Ya jana na ya leo."

"Marahaba," nikasema, na nikairudia.