Uchungu Alioukana Bernadette

Huku Saio, mtaa wa Bunia, hakuna mwanamke aliyezaa vizuri kama Bernadette. Yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza. Alikuwa shambani, upande wa Butembo, analima mihogo, akasikia kitu kama chafya inayotaka kutoka; akainama, na mtoto wake, yule aliyeitwa Kule, akashuka kwenye majani kama parachichi lililoiva. Akamfunga mgongoni, akashika tena jembe, akamaliza mstari. Miaka thelathini na miwili imepita, na kila mwaka mstari ule uliongezeka urefu. Mwaka jana alikuwa amekwisha kumaliza shamba lake lote, na la jirani pia.

"Sikulia hata kidogo," alikuwa akisema, rozari imemzunguka kidole. "Mama Maria alimuzala Yezu kama vile jua inapita mu kioo. Kioo haivunjike, haisikie kitu. Miye nilimuomba, na miye akanipa."

Dorcas, mke wa Kule, aliyasikia hayo huku akisugua sufuria, tumbo limemtangulia. Alikuwa binti wa Waprotestanti wa hapahapa Ituri, watu wa ng'ombe na Biblia. Mama yake, Rébecca, kila akija kumtembelea, vita vilianza upya.

"Bokilo, unamudanganya mutoto wangu," Rébecca alimwambia Bernadette, maana bokilo ndivyo wakwe wanavyoitana huku. "Mungu aliambia Eva: utazala na uchungu. Hakusema, isipokuwa Maria. Maria alilia mule mu zizi, na ng'ombe zikamuangalia."

"Ulikuwako?"

"Na weye, ulikuwako?"

Wakacheka, wakanywa chai, wakaagana. Dorcas hakucheka. Mumewe alikuwa Mongbwalu, anauzia wachimba dhahabu mabuti ya mpira. Nyumba alimolala Dorcas ilikuwa ya mama mkwe. Na mama mkwe alikwisha kuwaambia akina mama wote wa jumuiya kwamba mkwe wake naye amesali novena, siku tisa nzima, atazaa bila kilio.

Basi ikaja Ijumaa ya mvua. Bernadette alirudi kutoka sokoni na chupa ya mawese, akamkuta Dorcas ameshika mlango kwa mikono miwili. Uso umelowa. Mdomo wa chini unatoka damu, ameuuma.

"Unasikia uchungu?"

"Hapana, mama. Ni joto tu."

Joto gani, na Bernadette mwenyewe alikuwa amejifunika vitenge viwili? Akaangalia chini. Pembeni mwa kitanda palikuwa na matambara matatu, yote yamelowa, yamekunjwa vizuri kama ya kuficha.

"Dorcas. Maji ilitoka lini?"

Binti akaangalia kando. "Jana asubuhi."

Moyo wa Bernadette ukaanguka mpaka kwenye kandambili. Hakumbuki alivyofunga mlango. Anakumbuka pikipiki, matope, na yeye amekaa nyuma kabisa, amemkumbatia Dorcas. Kila baada ya kitambo kidogo tumbo lile liligeuka jiwe chini ya viganja vyake. Akangoja kilio. Hakikuja.

"Mama, huyu ni muzima?" dereva akauliza bila kugeuka. "Bengine banaliaka sana."

"Endesha, weye!"

Kwenye nyumba ya kuzalia, mkunga Aimée aliweka tumboni kipembe chake cha kusikilizia moyo wa mtoto, akatega sikio. Akakihamisha, akasikiliza tena. Bernadette alimwangalia usoni kama mtu anayesoma barua, ingawa barua hakuwahi kusoma.

"Njia imefunguka tokea zamani," Aimée akasema. "Lakini anajikaza, toka meno mpaka vidole ya miguu. Hasukume. Na moyo ya mutoto inaanza kuchoka. Gari ya kumupeleka hospitali kubwa imekwama mu matope. Mama, sukuma! Lia kama unataka, lakini sukuma!"

Dorcas akatikisa kichwa, midomo imefungwa.

Ndipo Rébecca, aliyeitwa na yule dereva wa pikipiki, akaingia anahema, kitambaa cha kichwa mkononi. Nyuma yake akachungulia mama mmoja aliyekuwa akilinda mgonjwa wake chumba cha pili, naye akasema lile linalosemwa huku kila mtoto anapokataa kutoka.

"Aungame! Iko kitu anaficha. Aseme majina ya banaume!"

Rébecca akamtazama Bernadette, Bernadette akatazama ukuta.

"Majina haiko," Dorcas akasema, sauti imekauka. "Iko kitu moja tu. Nasikia uchungu, mama. Nasikia sana. Nilisali novena yote, na nasikia. Maria alinikataa."

Akafunga meno tena.

Bernadette alisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji ya kisima. Akisema, Rébecca ataipeleka habari kanisani kwake kabla ya Jumapili. Akina mama wa jumuiya watapiga makofi ya kucheka. Asiposema... Aimée akaweka kipembe tena. Safari hii alisikiliza muda mrefu, kisha akachungulia mlangoni kama gari limefika.

"Miye njo niko na kitu ya kuungama," Bernadette akasema.

Wote wakageuka.

"Kule alinikalia mu tumbo siku mbili. Siku mbili! Nililia mpaka kuku zikaacha mayai. Niliuma mukono ya mama yangu, akakufa na ile alama. Nilitukana baba yake Kule na ukoo yake yote. Na Maria naye nilimuambia maneno haiwezi kusemwa hapa. Shamba haikukuwako. Jembe haikukuwako. Kisha bamama ba ku kisima bakaiga kilio yangu mwaka muzima, banacheka. Njo maana tulipohamia Bunia nikasema sikulia. Hapa hakuna mutu alinisikia."

Dorcas alifungua macho. "Ulilia?"

"Sana! Maria hakukukataa, ni miye nilikudanganya. Lia, mutoto yangu! Lia mpaka bwana yako asikie uko Mongbwalu!"

Dorcas akalia. Wachimbaji wa Mongbwalu waliacha sepeto hewani wakaulizana ni nini. Pikipiki zote za Bunia zikafunga breki. Akalia mara ya pili, akasukuma, akalia, na mtoto akatoka.

Alikuwa wa kike. Alikuwa amelegea, rangi ya majivu, na kimya. Aimée akamgeuza, akamsugua mgongo kwa kitenge, akampuliza. Rébecca aliacha kusali katikati ya neno.

Kisha ikatoka sauti ndogo, mbaya, kama bati linalokwaruzwa. Ikakatika. Ikarudi, na safari hii haikunyamaza.

Baadaye, Dorcas akipumzika ndani, wale bibi wawili walikalishwa nje, kwenye benchi, mtoto amelala mapajani mwa Rébecca.

"Basi, bokilo," Rébecca akaanza polepole. "Maria naye alilia."

"Ya kwangu nimeungama. Ya Maria siwezi kumuungamia. Hakulia."

Rébecca akavuta pumzi kujibu, akaiona mikono ya mwenzake inavyotetemeka, akaiachia pumzi ile iende. Akamnyoshea mtoto.

"Mushike."

"Ngoja kwanza," Bernadette akasema. "Nitamuangusha."

Wakakaa hivyo, Rébecca amemshika mtoto, na Bernadette amemshika Rébecca kiwiko.