Madebe Kumi na Moja ya Maji

Mimi ndiye niliyefua lile gauni. Naanza na hilo kwa sababu kila tunapokutana wenzangu husema "tulifua", kana kwamba nguo moja inahitaji mikono ya watu kumi na mmoja.

Tulikuwa kikundi cha mwethya, wanawake kumi na mmoja wa vilima vya juu ya Tawa. Kazi yetu ilikuwa kuchimba matuta, leo shamba la huyu, kesho la yule, tukiimba. Nilichaguliwa katibu kwa kuwa nilifika darasa la saba na mwandiko wangu ulisomeka. Akina mama wa kanisa walikuwa na kikundi chao, na hawakutupenda sana. Walisema nyimbo zetu zina viuno vingi. Sisi tulisema sala zao zina majembe machache.

Mwaka ule, katika miaka ya themanini, mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Maji tuliyafukua kwenye mchanga wa mto, na hata ukiwahi alfajiri ulikuta foleni. Debe moja la maji lilikuwa asubuhi nzima ya mtu.

Siku moja tukiwa shambani, mama jirani alikuja mbio, bila kitambaa kichwani. Mke wa mwanawe, mwanamke mdogo ambaye mumewe alifanya kazi Mombasa, alikuwa amepeleka mahindi kusagwa. Mwenye mashine alifunga mlango akambaka. Sasa alikuwa nyumbani, ameketi sakafuni, hasemi.

Tuliacha majembe pale pale. Huku kwetu mtu akipatwa na jambo hatumuulizi anataka nini, tunaleta tu. Na mwaka ule hakukuwa na kitu kikubwa cha kumletea mtu kushinda maji. Kila mmoja alikwenda kwake akarudi na debe, hata yule aliyekuwa na mtoto wa wiki tatu. Madebe kumi na moja yakapangwa mlangoni. Akina mama wa kanisa waliposikia, wakaja na sabuni ya kuogea na leso mpya. Ilikuwa mara ya kwanza makundi hayo mawili kushirikiana, na nakumbuka nilifurahi, Mungu anisamehe. Tulimwogesha mara tatu. Wao wakamwombea. Mimi nikachukua gauni na nguo za ndani, nikazifua, nikazipiga pasi ya makaa na kuzikunja vizuri.

Kesho yake tulimsindikiza zahanati, sote, kama watu wa harusi. Sista wa pale alikuwa mtu wa maneno machache. Alifunga mlango, akamsikiliza, kisha akatutokea nje.

"Mumemuosha?"

"Tumemuosha vizuri sana, sista," nikasema.

"Na nguo?"

Nikampa kifurushi. Alikinusa, akaketi kwenye benchi katikati yetu. Halafu akatueleza polepole kwamba polisi na korti wangetaka kuona kile kile tulichokiondoa.

Kituoni afande alisema nguo zilikuwa na harufu ya sabuni tu. Daktari wa hospitali kubwa alijaza fomu ya polisi, akaandika kwamba hakuona kitu. Siku ya nne mwenye mashine alirudi kazini. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Yale tuliyamwaga wenyewe, tena kwa mapenzi.

Tuliapa kutosaga kwake tena. Mashine nyingine ilikuwa mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Mimi nilivumilia mwezi mmoja, na sitaki kusema zaidi kuhusu hilo.

Baadaye sista alituita, mwethya na kanisa pamoja, tukakaa kwenye veranda ya zahanati. Tukapatana kwamba likitokea tena, mwethya watamsindikiza mtu na kuangalia shamba lake, kanisa litapika, sista atashughulika na hospitali. Na neno moja nililiandika katika kitabu cha kikundi, nikalipigia mstari mara mbili: asioge kabla ya daktari.

Ikapita miaka. Ijumaa moja mchana, yule mwanamke tuliyemwogesha alikuja mlangoni kwangu. Siku hizo alikuwa mwenzetu katika mwethya, na hakuna aliyemshinda kwa jembe. Alikuwa amemshika mkono mama mmoja muuza mboga wa sokoni. Nilipomtazama yule mama usoni sikuhitaji kuambiwa.

"Mwaitu," muuza mboga akasema, akiniita mama kwa Kikamba, "naomba maji nioge."

Pipa langu lilikuwa limejaa, maana mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Nikamwambia angoje tufike kwa daktari kwanza, nikamweleza sababu. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaomba tena.

"Mpe maji," yule mwenzake akasema.

"Unajua kwa nini siwezi. Wewe unajua kuliko sisi sote."

"Najua. Kesi yangu mliiua. Lakini yale maji ya ile siku, mwaitu, ndio kitu pekee kilinisaidia. Hakuna ingine. Mpe."

Miaka hiyo yote nilikuwa nikiona haya kila nikimwona ananawa mikono. Sasa sikujua niweke wapi uso wangu. Nilikalia kifuniko cha pipa, mwanamke mzima, kama kuku anayeatamia.

Sikumpa. Tulikwenda hospitali tukaambiwa daktari amesafiri, turudi Jumatatu. Sista alibembeleza, akina mama wa kanisa walibembeleza, mimi niligombana na karani hadi akatishia kuniitia askari. Jumatatu ikabaki Jumatatu. Basi muuza mboga alikaa kwangu siku tatu na nguo ile ile mwilini. Yule mwenzake alikaa naye, na yeye pia hakuoga. Kanisa lilileta chakula. Mwethya walipalilia shamba la muuza mboga. Kila kitu kilikwenda kama nilivyoandika kitabuni, na mwenyewe alikuwa akigeuza uso ili asijinuse.

Jumatatu daktari alimwona kwa dakika chache. Alisema siku zimepita, hakuna cha kuona, akatia sahihi.

Tuliporudi nilichemsha maji mengi kuliko anayohitaji mtu mmoja. Nikayatia kwenye karai, nikaweka kando sabuni mpya na leso.

"Maji iko tayari," nikamwambia.

"Wacha tu, mwaitu. Nitaoga kwangu."

Akaondoka, na yule mwenzake akamfuata. Nilibaki na karai. Huku kwetu maji hayamwagwi hivi hivi, kwa hiyo nilileta nguo za watoto nikafua.