Abiria Aliyekataa Hewa ya Nje

Mkitaka kucheka, chekeni sasa hivi mmalize, maana nimechoka kuchekwa katikati ya maneno yangu. Mume wangu alicheka. Shemeji yangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Lakini niliyeshika usukani ni mimi, na wala haikuwa usiku wa manane. Ilikuwa jioni, bado kweupe, mvua inanyesha.

Nilikuwa namleta mama yangu mzazi kutoka kwake huko juu, upande wa Mbulu, nimpeleke hospitali Babati. Mama ana pumu, na siku hiyo ilikuwa imembana kweli kweli. Gari ni Noah yetu ya nyumbani. Sasa hebu niwaambie habari za hiyo Noah, maana nikiikumbuka napandwa na hasira upya.

Baba Deo, mume wangu, anaamini AC kazi yake ni kunywa mafuta. Basi akamwambia fundi atoe mkanda unaozungusha kompresa, AC ikafa. Vioo vya umeme vilikufa vyenyewe vikiwa vimefungwa, na kila Jumapili naambiwa vitatengenezwa. Halafu kuna kile kidude cha kusogeza kwenye dashibodi, kilichochorwa gari na mshale. Ukikipeleka huku, feni inavuta hewa ya nje. Ukikipeleka kule, inazungusha ile ile ya ndani. Kwa sababu ya vumbi letu la Babati, Baba Deo alikipeleka ndani, akakipiga gundi. Gundi, jamani! Nilipouliza, nikaambiwa gari si jiko, nisiliingilie.

Hita ilikuwa nzima, hiyo sikatai. Hita ya gari haina moto wake. Maji ya moto ya injini yanapita kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza, mnapata joto. Nikaiwasha kwa ajili ya mama. Lakini kama hewa haiingii wala haitoki, na AC ya kuikausha haipo, zile pumzi zenu zitaenda wapi? Zinatua kwenye vioo. Nikawa nafuta kioo cha mbele kwa kitambaa, nafuta, kufumba na kufumbua sioni tena. Nilimlaani Baba Deo kwa lugha zote ninazozijua.

Kabla hatujaanza kushuka mlima wa Dareda, tukamwona kijana kasimama pembeni ya barabara analowa. Mimi nilitaka kupita. Mama, pamoja na kifua kile, akanikatalia.

"Mtu hapitwi kwenye mvua, Mama Deo. Simama."

Nikasimama. Kijana akavuta mlango wa ubavuni, ule unaopiga kelele kama mbuzi anayechinjwa, akakaa nyuma.

"Shikamoo mama," akamsalimia mama yangu.

"Marahaba mwanangu. Pole na mvua."

"Asante. Humu kuna joto zuri."

Tukaanza kushuka. Nyuma yangu kuna lori linapiga honi, kushoto bonde, hakuna pa kuegesha. Vioo vyote vilikuwa vyeupe kama vimepakwa uji. Nikatupa jicho kwenye kioo cha kati, kile cha kutazamia nyuma, nione kama lori limekaribia. Dirisha la pembeni ya yule kijana lilikuwa safi kabisa. Niliona matone ya mvua kwa nje, niliona miti inapita. Ukungu wa kwenye vioo ni pumzi za watu, sivyo? Sasa mtu anayeegemea kioo cha namna ile, yeye anapumua nini?

Nikamtazama tena. Alipopanda alikuwa kapauka, midomo ya kijivu. Sasa mashavu yalikuwa yamejaa, yanang'aa. Na mama hapa ubavuni mwangu mabega yanapanda na kushuka, anavuta hewa haifiki, dawa yake ya kupuliza haimsaidii kitu. Niamini, nilielewa bila kufundishwa na mtu.

Nikakivuta kile kidude. Hakisogei. Nikakivuta tena, ukucha ukang'oka.

"Usiingize hewa ya nje, dada," kijana akasema kwa upole. "Hivi hivi tuko vizuri."

"Vizuri na nani?" nikamfokea. Nikavua kiatu, mkono mmoja kwenye usukani, nikaanza kukipiga kile kidude kwa kisigino huku nalia kwa hasira. Kifua cha mama kikaacha kukoroma. Macho yake yalikuwa wazi tu, yananitazama. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, gundi ikaachia.

Hewa ikaingia, ya baridi, ina harufu ya udongo uliolowa. Nyuma nikasikia "Aa!" ndogo, kama ya mtu aliyeondolewa sahani kabla hajashiba. Kioo cha mbele kikaanza kusafika kutoka chini kwenda juu. Mama akavuta pumzi moja ndefu, akakohoa. Nilipogeuka, kiti cha nyuma hakikuwa na mtu. Na ule mlango wenye kelele sikuusikia.

Baba Deo anadai kijana aliteremka kwenye kona, mimi na hasira zangu sikuona. Haya, na awe ameteremka. Kinachoniuma si Baba Deo. Ni mama. Alipopata nafuu hospitali, neno la kwanza alilonitamkia lilikuwa lawama.

"Mbona umemfukuza yule mtoto?"

"Mama! Alikuwa anakumaliza pumzi!"

"Najua. Nilikuwa nampa mwenyewe. Mimi nimeshapumua vya kutosha, yeye bado mdogo."

 

Sasa anaishi na sisi hapa Nakwa, Babati. Mvua ikianza tu, nikimpa kisogo, katoka, kaenda kusimama kwenye njia ya Dareda kusimamisha magari. Mara tatu nimemrudisha kwa nguvu, ananitukana. Kwa hiyo nakuomba wewe unayepita njia ile: ukimkuta bibi mwembamba amejifunika shuka ya bluu, anaomba umpandishe mlimani, usimpandishe hata akikulilia. Huyo si mzimu, ni mama yangu, mzima kabisa. Mgeuze umrudishe nyumbani.