Valvu ya Mwisho na Sauti ya Mama Yangu

Taarifa ilinikuta Jumanne asubuhi sokoni Kibirizi, nikibishana na mchuuzi juu ya mchanga uliojaa kwenye dagaa wake. Simu ikaita. Alikuwa mama yangu mdogo. "Yule fundi wetu wa Ujiji amefariki," akasema, "wanazika saa kumi." Nikaacha dagaa, nikaacha na ugomvi wenyewe. Wasomaji wangu mnanijua, simlilii kila mtu kwenye ukurasa huu, na mzee huyu wengi wenu hamkuwahi kumsikia. Alikuwa fundi redio mstaafu wa bandarini, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Nilikuwa karibu naye kwa wiki tatu tu, mwaka jana, lakini mpaka leo nikizikumbuka wiki hizo mwili unanisisimka.

Sebule yake ilinishangaza tangu mlangoni. Nimezoea nyumba zetu za siku hizi, sabufa moja yenye vitaa vya rangi inatikisa madirisha mpaka mgonjwa wa jirani anaomba kuhamishwa. Kwake zilisimama spika mbili za mbao, kila moja inanifika kifuani, zilizotoka kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa zamani mjini Kigoma. Alipozipata, moja ilikuwa imegeuzwa banda la kuku. Aliisugua, akaziba karatasi za ndani zilizochanika, akaziunganisha zote mbili na amplifaya ya valvu, yaani ile ya zamani yenye vichupa vya kioo vinavyowaka na kutoa joto. Kisha akaanza kazi ambayo majirani waliiona ni wazimu mtupu: kuzitafutia mahali pa kukaa. Alizisogeza upana wa vidole viwili, akakaa, akasikiliza, akachora mstari wa chaki sakafuni, akazisogeza tena. Kwenye pembe za chumba alirundika nyavu kuukuu za dagaa ili sauti isigonge ukuta na kurudi. Mkewe alikuwa akilalamika kwamba wageni watadhani wanaanika samaki sebuleni. "Mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, "mimi humu ndani ni mke wa tatu. Wakubwa zangu ndio hao wawili wa mbao."

Nilikwenda kwake na shida yangu. Mama yangu aliimba kwenye bendi ya dansi, akaingia studio mara moja tu maishani mwake, akafa mimi nikiwa bado nanyonya. Picha yake ya pekee imeliwa na unyevu, uso hauonekani. Kilichobaki ni santuri moja ambayo mama mdogo ameitunza miaka yote kwenye sanduku lake la nguo. Kila mashine tuliyoijaribu ilitoa mikwaruzo na mtu anayelialia kwa mbali, na kila sindano ilipopita ilikula kidogo kilichobaki. Mzee aliipeleka dirishani, akaigeuza kwenye mwanga, akatikisa kichwa. "Binti yangu, hii haina safari nyingi. Nipe wiki tatu. Tutaipiga mara moja, lakini tuipige sawasawa." Wiki zote hizo alitumia santuri nyingine za waimbaji wa kike. Mimi nimekaa kitini, yeye ananiuliza, "Anaimbia wapi?" Nikisema kushoto, anasogeza. Nikisema yuko katikati ila kama yuko nyuma ya pazia, anasogeza tena. Nilichoka, nikanuna, hata kuaga ikawa naaga kwa mkato. Yeye hakuchoka.

Siku yenyewe, Jumapili asubuhi, nilikwenda na mama mdogo. Tukasalimiana kwa kirefu, mzee akawasha amplifaya ipate moto, akatoka kwenda kunawa mikono. Sasa mama mdogo alikuwa amekuja na zawadi, kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kwa nyuzi za nailoni, kina maua pembeni. Akaitazama ile amplifaya. "Jamani, chombo cha heshima hivi kinaachwa uchi mbele ya wageni?" Na nani kati yetu hajawahi kufunika redio, runinga, hata friji? Kabla sijafungua mdomo ameshakitandika. Harufu ikatoka. Mzee akaingia mbio, akakivuta, lakini nailoni ilikwisha yeyuka na kugandia kioo, na valvu moja ikapasuka pa! Mama mdogo akaketi sakafuni, akajishika kichwa. "Yarabi, nimemzika dada yangu mara ya pili!"

Mzee alisimama na kitambaa mkononi. Nilijua tu anatufukuza, na ningekuwa mimi ningetufukuza kweli. "Dada, umeivika vizuri," akasema, "ila yenyewe husikia joto." Akaingia chumbani, akarudi na kikopo, ndani yake pamba, ndani ya pamba valvu moja. Mkewe akasimama mlangoni. "Baba, si hiyo ndiyo ya mwisho?" "Ndiyo." "Na ikiungua?" "Itakuwa imeungua kazini," akajibu, akaichomeka.

Nitawaelezaje? Mikwaruzo ilikuwepo, lakini ilibaki pembeni, kama mvua ya nje. Kwanza nilisikia chumba, watu wamesimama, kiti kinasogezwa. Halafu mbele yangu, hatua mbili hivi, mwanamke akavuta pumzi. Hajatamka neno, nami nikajua mama yangu alikuwa mfupi kama mimi. Spika zilikuwa mbele ya macho yangu, na wallahi hazikuwepo! Alikuwepo yeye. Kwenye ubeti wa pili alitabasamu katikati ya neno, nikalisikia lile tabasamu. Mama mdogo akasimama, machozi yanamchuruzika, akaitikia kiitikio kama msichana. Dakika tatu hazikufika. Katika miaka hamsini na kitu ya umri wangu, hizo ndizo dakika pekee nilizokaa chumba kimoja na mama yangu huku nikijitambua.

Baada ya hapo tulitoka. Tulishikana mikono, tukavuka ua, tukafika barabarani tunalia, santuri kwapani, na hatukumuaga mtu. Ujiji, mji ambao kuaga peke yake ni nusu ya ziara! Hatukusema hata asante. Nikajiambia nitarudi kesho na kilo mbili za sukari niombe radhi. Kesho ikawa Ijumaa, Ijumaa ikawa baada ya mfungo, miezi ikaenda, mpaka ile simu ya sokoni.

Msibani nilijitanda khanga, nikaingia kwa wanawake, nikamwangukia mjane. "Mama, nisamehe. Mzee amekufa sijamshukuru." Akanishika mkono. "Siku ile mlipoondoka nilikasirika sana. Nikamwambia, wageni gani hawa wasio na adabu? Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti, anacheka peke yake. Akaniambia, 'Mke wangu, hawakuniona kabisa. Basi leo spika zimekaa mahali pake.'"

Nimeandika safu hii miaka mingi, na nakiri kila wiki huangalia kwanza kama jina langu limechapwa kwa herufi kubwa. Mzee yule alifanya kazi wiki tatu, akatoa valvu yake ya mwisho, na malipo aliyoyataka ni sisi tumsahau. Kazi ya namna hiyo bado najifunza. Ila wewe msomaji, kama kuna mtu aliyekufanyia jambo ukaondoka bila kumshukuru, acha gazeti hili hapo lilipo, vaa viatu, nenda leo.